Kliniki ya Kichina imesema figo zimechoka, hospitali inasema ni nzima: nani kasema kweli?

Msomaji wa Tanga ameandika: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 47. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa, na usiku magoti yanakuwa baridi kama nimeyatia majini. Nilikwenda kliniki ya Kichina Dar es Salaam. Daktari alinishika mkono, akahamia wa pili, akanitazama ulimi, akasema figo zangu zimechoka, zimekosa yang. Sikulala. Asubuhi nikaenda hospitali kupima figo, majibu ni mazuri kabisa. Kliniki wamenipa pakiti 14 za mizizi na majani, na nimepangiwa sindano mara kumi pamoja na kuumikwa. Natumia dawa za presha. Nani kanidanganya? Na hii tiba ya Kichina hasa ni kitu gani, nitumie au niache?"

Marahaba, dada, na pole kwa usiku ule. Siku hizi mtu akitajiwa figo, akili inakimbilia kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakuna aliyekudanganya. Hospitali imepima figo. Mwenzangu wa kliniki alikuwa anazungumzia kitu kingine chenye jina hilohilo, na kosa lake ni kutokukuambia hivyo, au kukosa Kiswahili cha kukuambia. Tiba hii niliisoma Nanjing, China, kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba hata mimi mwaka wa kwanza ulinipita nikidhani "figo" ya darasa la tiba ya Kichina ndiyo figo ya darasa la tiba ya hospitali. Kuanzia hapa nitaandika Figo kwa herufi kubwa ninapotaja ile ya Wachina.

Kwa Kichina huitwa shen. Waliokusanya Huangdi Neijing, kitabu mama cha tiba hii chenye umri wa miaka 2,000 hivi, hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na subira. Waliwatazama watu wakizeeka: nywele zinapukutika, masikio yanakuwa mazito, kiuno kinakaza, magoti yanapoa, uzazi unakoma, usiku mtu anaamka mara tatu kukojoa. Wakaona mambo hayo yanaandamana, wakayafunga katika kifurushi kimoja, na kifurushi wakakiita Figo. Kitabu hicho kinasema kiuno ni nyumba ya Figo. Mtu akishindwa kukigeuza, ujue Figo imekaribia kuchoka. Sasa anaingia mwanamke wa miaka 47 mwenye maumivu ya kiuno na magoti ya baridi. Jibu ulilopewa lingetolewa hata na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Usilione jambo hili geni. Sisi nasi tunasema maneno yale yalinikata maini, na hatumpeleki mtu kupimwa ini. Tunasema fulani hana moyo, naye anapanda ngazi vizuri tu. Na bibi zetu waliposema mtu ana baridi yabisi, walikuwa wanatumia tiba ya Wayunani iliyotufikia pwani kwa mkono wa Waarabu, tiba iliyogawa mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yabisi ni ukavu. Ndiyo maana ulipoambiwa una baridi magotini hukucheka. Masikio yako yalishazoea lugha ya namna hiyo. Kilichokutisha ni neno moja tu, figo.

Basi tuingie kwenye misingi, nami nitakaa zaidi pale panapokuhusu.

Neno la kwanza ni qi, litamkwe "chi". Watu hulifasiri nishati, na wauza vidonge wakalifanya umeme wa mwilini. Ukiitazama herufi yake ya zamani utaona mvuke, na chini ya mvuke mchele. Ni ule moshi mweupe unaokupiga usoni unapofunua sufuria ya wali: hauushiki, lakini ukitoka unajua ndani kuna moto, maji na chakula, na kazi inaendelea. Qi kwao ni kila tendo la mwili linaloendelea: pumzi, usagaji wa chakula, damu kwenda, joto kubaki. Qi ikikwama mahali, pale panauma. Ikipungua, mtu anachoka. Inapita kwenye njia, na njia kuu ni 12. Hizo njia mpasuaji hazioni akifungua mwili, na wala mimi sikuziona. Nazichukulia kama mistari ya ramani: husaidia safari, lakini huwezi kujikwaa kwenye mstari wa ikweta.

Yin na yang asili yake ni pande mbili za mlima, upande wa kivuli na upande wa jua. Mlima ni uleule. Asubuhi jua liko huku, jioni liko kule. Kwa hiyo hakuna kitu ambacho ni yin siku zote. Yang ya Figo ni moto wake, yin ya Figo ni maji yake. Ukikosa yang, unaona baridi, mkojo unakuwa mwingi na mweupe, uchovu haukuachi. Ukikosa yin, viganja vinawaka, jasho linakutoka usiku, koo linakauka. Hapo nina swali ambalo huenda hukuulizwa: hedhi yako ikoje? Katika umri wako, mengi yanayoitwa upungufu wa Figo, wa yin au wa yang, ndiyo yale ambayo daktari wa wanawake angeyaita kuelekea ukomo wa hedhi. Vifurushi viwili, vitu vilevile ndani.

Kuna pia nadharia ya vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji, kila kimoja na kiungo chake, rangi yake, ladha yake, majira yake. Ini ni mti, moyo ni moto, wengu udongo, pafu chuma, Figo maji. Inapendeza kwenye mchoro. Kazini niliitumia mara chache, na walimu wangu wazee waliitaja zaidi kwenye mitihani kuliko kwenye chumba cha wagonjwa.

Ulishangaa kushikwa mikono yote miwili. Daktari anaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, na kila kidole kina kiungo chake: kushoto moyo, ini na Figo, kulia pafu, wengu na Figo tena. Anaubonyeza mshipa kidogo, kisha kwa nguvu. Anatafuta mapigo yaliyopewa majina zaidi ya ishirini. Lipo linalokazana kama uzi wa gambusi, na lipo linalobingirika kama lulu kwenye sahani, ambalo wajawazito wengi huwa nalo. Ulimi nao unasomwa: rangi, unene, alama za meno pembeni, utando. (Kama asubuhi ile uliusugua kwa mswaki au ulikunywa kahawa, ulimsomesha ukurasa uliofutwa.) Kisha anauliza maswali, anasikiliza sauti, ananusa.

Siku moja mwalimu wetu alituita wanafunzi watatu, kila mmoja ashike mkono wa mgonjwa yuleyule na kuandika alichokisikia bila kuonyeshana. Tulileta majibu matatu. Mwalimu alicheka, akasema karatasi zote zina ukweli kidogo. Mimi sikucheka. Tafiti zilizofanywa kwa waganga wazoefu zimeona hilohilo: wanaposhika mshipa mmoja, kukubaliana ni kwa shida. Kwa hiyo mapigo yako niyaweke kwenye mazungumzo, yasiwe hukumu.

Na tusidhani kwamba ulichokutana nacho kliniki kimeshuka kizima kutoka zama za wafalme. Mwaka 1929 serikali ya China ya wakati huo ilitaka kuifuta tiba hii. Baadaye, miaka ya 1950, serikali iliyofuata ikaikusanya upya, ikaandika vitabu vya kiada, na mwaka 1956 vikafunguliwa vyuo Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mpangilio unaofundishwa leo ni wa zamani na wa juzi kwa pamoja. Hata ujirani wetu nayo una historia: madaktari wa China wamekuwa Zanzibar tangu 1964, na wazee wa Unguja wanawasimulia bado.

Sasa matibabu uliyopangiwa. Haya usiyapime kwa furushi. Nadharia inaweza kuwa ramani tu na bado sindano ikasaidia. Nayo sindano ikisaidia haithibitishi kwamba pakiti ni salama.

Sindano, yaani akupancha, kwa kiuno chako ningekubali. Sindano yenyewe ni nyembamba sana, unene wa robo ya milimita, na haina dawa ndani. Ikishika, utasikia uzito, ganzi au kitu kinachovuta, si mchomo. Wanafunzi hukariri ushairi mfupi wa vituo, na mstari mmoja unasema ukiumwa kiuno na mgongo, mtafute Weizhong, kituo kilicho katikati ya nyuma ya goti. Bila shaka atakuchoma hapo, na pembeni ya uti wa mgongo usawa wa kiuno, kituo cha Shenshu.

Ujerumani walifanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye vituo halali vya Kichina. La pili lilichomwa juujuu mahali ambapo si vituo. La tatu lilipata matibabu ya kawaida: dawa, mazoezi, kukandwa. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kundi la kwanza, 44.2 la pili, na 27.4 la tatu. Soma namba hizo polepole. Sindano iliyashinda madawa na mazoezi kwa mbali. Lakini kuchoma kituo halali na kuchoma pasipo kituo kulikaribiana mno. Wenzangu wengi husimulia nusu ya kwanza ya habari hii, wapinzani wetu nusu ya pili. Mimi ninachojua ni kwamba mgonjwa wa kiuno hujali kama ameweza kuinama kuwasha jiko. Na idadi uliyopangiwa, mara kumi, ndiyo iliyotumika katika jaribio lile, kwa hiyo hajakutoza safari za bure. Hakikisha tu sindano inafunguliwa mbele ya macho yako, ni mpya, na baadaye inatupwa. Ukiwa na dawa za kuyeyusha damu, mwambie kabla.

Akikuletea kitu kama sigara nene na kukisogeza karibu na magoti yako kinafuka, hiyo ni moksa, majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga. Huleta joto zuri, na kwa magoti ya baridi wagonjwa huipenda. Kazi yako ni kusema "basi" kabla ngozi haijaungua.

Kuumikwa hakuhitaji mgeni wa kukueleza. Pwani tulikuwa na chuku za pembe kabla ya vikombe vyao vya kioo, na hijama ya kuchanja ipo mpaka leo. Kuumikwa kwa Kichina mara nyingi ni kukavu, bila wembe: moto unaingizwa kikombeni, unatolewa, kikombe kinanasa mgongoni. Watu wengi duniani waliyaona maduara yake mwaka 2016 kwenye mabega ya muogeleaji Michael Phelps kule Rio. Misuli hulegea, na utapata ahueni ya siku chache. Ila ukiambiwa ile rangi ya zambarau ni sumu inayotoka, hapo unapigwa chuku ya aina ya pili. Ni damu iliyovia chini ya ngozi, itaondoka baada ya wiki moja hivi.

Sasa pakiti, maana hapa ndipo ninapokunja uso.

Dawa ya Kichina haitolewi mmea mmoja mmoja. Hupangwa kama baraza la ufalme: yupo mfalme anayepiga ugonjwa wenyewe, waziri anayemsaidia, msaidizi anayepunguza makali, na tarishi anayeyapatanisha yote na kuyapeleka panapotakiwa. Kwa upungufu wa yang ya Figo, fomula maarufu kuliko zote ina vitu vinane na inatoka kwa tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi karibu na mwaka 200. Sijaona pakiti yako, lakini sitashangaa ikiwa ni hiyo au binamu yake. Ndani yake kuna mdalasini, kuna kiazi cha porini kinachofanana na kiazi kikuu, na kuna fuzi. Fuzi ni mzizi wa akonito. Ukiwa mbichi ni sumu inayovuruga mapigo ya moyo na kuua. Ukitayarishwa vizuri kiwandani na kuchemshwa peke yake kwanza, muda mrefu kabla ya vingine kutiwa chunguni, sumu hupungua sana. Je, ulipewa maelezo ya kitu cha kutangulia kuchemka? Kama hukupewa, ama fuzi haimo, ama imo na aliyekufungia alikuwa na haraka.

Tarishi anayetumika zaidi ni gancao, na huyu unamjua: ni urukususi, ule mzizi mtamu. Ukinywewa kila siku kwa wiki kadhaa unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Wewe una presha. Kama miongoni mwa vidonge vyako kimo cha kukojosha, hicho nacho mara nyingi hupunguza potasiamu, na viwili hivyo vikikutana moyo unaweza kulipa. Mwingine wa kuuliza ni mahuang, mmea wa efedra, unaotiwa kwenye dawa za mafua na kifua. Nao hupandisha presha. Hauna kazi kwenye kiuno chako, lakini uliza.

Na kuna kisa ambacho kila anayeuza mizizi hii anapaswa kukijua. Miaka ya mwanzo ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja uliotakiwa unaitwa fangji. Uliotiwa ni jamaa yake wa jina, guangfangji, wa ukoo wa Aristolokia. Majina yanakaribiana, mizizi mikavu inakaribiana. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, za kwao halisi, zile za hospitali. Wengi waliishia kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Tindikali iliyomo kwenye ukoo huo sasa inajulikana wazi kuwa inasababisha saratani. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni mitishamba tu, haina madhara", mwambie kuna wanawake Ubelgiji walioambiwa hivyohivyo.

Lakini nisikuache ukidhani chungu kizima ni kibaya. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na Bibi Tu Youyou akawa anapekua vitabu vya kale. Katika kimoja cha karne ya 4, cha Ge Hong, akakuta maelekezo ya homa: chukua konzi ya mmea uitwao qinghao, loweka majini, kamua, kunywa. Loweka, si chemsha. Akafikiri huenda moto ndio uliokuwa unaiua dawa, akatoa kiini kwa kiyeyushi kiitwacho etha kwenye joto dogo, na ikawa. Ndiyo artemisinini, nusu ya dawa mseto uliyowahi kumpa mtoto wako akipata malaria. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ninachokipenda katika hadithi hiyo ni kwamba kitabu kilimpa fununu tu. Yeye akaipima kwa panya, akajijaribia mwenyewe, kisha kwa wagonjwa. Wala haina maana kwamba chai ya majani hayo yatosha: Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia kutibu malaria, kwa sababu kipimo chake hakishikiki.

Kama kwenye pakiti kuna vipande vya hudhurungi vinavyong'aa kama gundi, hiyo ni ejiao, gundi ya ngozi ya punda, wanayowapa wanawake "kujaza damu". Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kama damu imepungua, kuna vidonge vya madini ya chuma kwa bei ndogo.

Jambo moja dogo: ukikutana na wale wanaokushikisha fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, halafu karatasi ikatoka na magonjwa yako kumi na saba, hiyo si tiba ya Kichina ya zamani wala hospitali ya sasa. Ondoka na mkoba wako.

Basi fanya hivi. Rudi kliniki uulize majina ya kila kilichomo kwenye pakiti, yaandikwe kwa Kichina na kwa Kilatini, pamoja na uzito wa gramu. Mwenye elimu yake atakuandikia bila kununa. Uliza pia cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Karatasi hiyo mpelekee daktari wako wa presha na mfamasia. Dawa za presha usiziache hata siku moja, hata ukijisikia umepona. Ukikubaliwa kunywa, pima presha kila siku, na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na potasiamu baada ya wiki mbili. Sindano anza nazo tu, hazisubiri karatasi.

Ila kabla ya sindano, nijibu haya: una homa za jioni, umekonda bila sababu, mguu mmoja umelegea, ganzi imeingia sehemu za siri, au mkojo umeanza kukutoka usijue? Ukiwa na lolote kati ya hayo, hiyo si kazi yangu wala ya yule wa Dar es Salaam. Nenda hospitali leo hii, uti wa mgongo upigwe picha. Kifua kikuu cha mgongo hapa kwetu bado kipo, na wengi hufika nacho wakiwa wameshachomwa sindano na kuumikwa miezi sita.

Pakiti zako zitoe kwenye mfuko wa plastiki, uzitie kwenye karatasi na kuziweka juu, pakavu. Kwa hewa ya Tanga, mizizi ile huota ukungu ndani ya siku chache, na iliyoota ukungu usinywe hata kama majina yote yatakuwa mazuri.